TUFUNGE MIKANDA, LAKINI MKANDA WA NANI?
Hoja za kupunguza matumizi ya serikali, na namna ya kuzipima



Neno "kufunga mkanda" limezeeka katika nchi zetu. Wazee wetu waliambiwa wafunge mikanda bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, na tena mwaka 1979. Waliambiwa hivyo hivyo katika miaka ya 1980, mashirika ya fedha ya kimataifa yalipokuja na mikopo yenye masharti. Na hata leo, kila makisio ya serikali yanaposomwa, hakosi kutokea mtaalamu wa kutueleza kwamba serikali inatumia mno, kwamba mipango yake ni mingi mno, na kwamba nchi itanawiri endapo serikali itakaa kando na kuliachia soko kazi yake.

Mara nyingi sisi wanachama wa vyama vya wafanyakazi tunayapokea maneno hayo kwa hasira. Tunasema "hao ni mabepari", na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini hasira haijapata kushinda majadiliano. Mwenzako akija mezani na hoja tatu, nawe una hasira moja, yeye ndiye atakayeondoka na mkataba anaoutaka.

Kwa hiyo katika makala hii tutazieleza hoja hizo kama wenyewe wanavyozieleza, bila kuzipotosha. Kisha tutazipima kwa mambo yaliyotokea karibu nasi: hapa Kanama, iliyokuwa komini ya mkoa wa Gisenyi na ambayo sasa ni tarafa ya wilaya ya Rubavu, na katika nchi jirani ambako watu wetu huvuka kila siku kwenda kuuza na kununua. Msomaji ataona kwamba zimo hoja za kweli ambazo mfanyakazi anapaswa kuzishika mwenyewe. Ataona pia mahali zinapokatikia.

HOJA YA KWANZA: SERIKALI HAINA SHAMBA

Hoja ya kwanza ni nyepesi. Serikali hailimi wala haifugi. Pesa yote inayotumia inatoka mahali patatu tu: kodi, mkopo, au mtambo wa kuchapa noti. Kodi tunailipa leo. Mkopo tutaulipa kesho, au watoto wetu wataulipa, pamoja na riba. Tena serikali ikikopa sana katika mabenki ya hapa hapa nchini, mwenye benki hatakuwa na haja ya kuhangaika na chama cha ushirika cha wakulima wa viazi, kwa sababu amekwisha pata mteja mkubwa asiyefilisika. Na noti zikichapwa bila mali kuongezeka, bei hupanda, na mshahara ule ule hununua kidogo zaidi. Kwa hiyo, wanasema wenye hoja hii, hakuna kitu kiitwacho huduma ya bure. Swali ni nani analipa, na lini.

Je, jambo hili ni kweli? Anayetaka ushahidi hana haja ya kwenda mbali. Avuke tu mpaka aingie Goma na kuwauliza watu wa makamo. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 serikali ya Mobutu huko Zaire ilizoea kulipia matumizi yake kwa noti mpya. Bei zikapanda kwa maelfu ya asilimia kwa mwaka. Ikatolewa noti ya zaire milioni tano, wafanyabiashara wakaikataa. Askari waliolipwa mshahara kwa noti hiyo mwezi Januari 1993 walikuta haiwanunulii chochote, wakafanya fujo na uporaji mjini Kinshasa, na watu wengi wakapoteza maisha. Mwezi Oktoba mwaka huo huo ikaletwa fedha mpya, na zaire moja mpya ikawa sawa na zaire milioni tatu za zamani.

Tujiulize: nani aliumia? Tajiri alikuwa na dola, na dhahabu, na nyumba za kupangisha. Mwalimu, muuguzi na karani walikuwa na mshahara tu, nao ukayeyuka mkononi kabla hawajafika sokoni. Mfumuko wa bei ni kodi inayotozwa bila bunge kupiga kura, na mlipaji wake wa kwanza ni mtu wa mshahara.

Uganda nayo ilipita njia hiyo. Mwaka 1987 bei zilikuwa zikipanda kwa kiasi cha asilimia 200 kwa mwaka. Mwaka 1992, baada ya bei kuanza kufumuka tena, wizara ya fedha na ile ya mipango ziliunganishwa, ikawekwa sheria kwamba serikali itumie kile tu kilichokusanywa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 upandaji wa bei ulikuwa umerudi chini ya asilimia kumi. Kisha mwaka 1997 serikali hiyo hiyo ilianza elimu ya msingi bila ada, na watoto wanafunzi wakazidi milioni tano. Hapo tunajifunza kwamba nidhamu ya fedha na huduma kwa wananchi si maadui. Serikali iliyojua hesabu yake ndiyo iliyoweza kufungua milango ya shule.

Basi hoja ya kwanza tunaikubali. Chama cha wafanyakazi kinachodai nyongeza ya mshahara bila kuuliza pesa itatoka wapi kinaweza kupewa nyongeza ya karatasi.

HOJA YA PILI: PESA YA MWENZIO HAINA UCHUNGU

Mtaalamu wa Marekani, Milton Friedman, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1976, alipenda kueleza kwamba kuna njia nne za kutumia pesa. Tuzieleze kwa mfano wa kwetu.

Ukienda soko la Mahoko kujinunulia jembe kwa pesa yako, utaligeuza jembe, utaligonga, utabisha bei. Unajali bei na unajali ubora. Ukinunua zawadi ya harusi kwa pesa yako, utaiangalia sana bei, lakini kama itamfaa bibi harusi hujali sana. Ukialikwa kula hotelini kwa pesa ya tajiri, utaagiza chakula kizuri na bei hutaiuliza. Njia ya nne ndiyo ya ofisini: kutumia pesa ya watu wengine kwa ajili ya watu wengine. Hapo mtumiaji haumwi na bei wala haonji chakula.

Wataalamu wengine, kama James Buchanan aliyepata tuzo hiyo mwaka 1986, waliongeza jambo. Mwanasiasa na mtumishi wa serikali ni binadamu kama mfanyabiashara. Naye ana maslahi yake. Mpango wa serikali ukishaanzishwa hupata wenyewe: mkurugenzi, madereva, wenye zabuni. Hao wachache wanafaidika sana, nao watapiga kelele ukitaka kuufunga. Walipa kodi ni wengi, kila mmoja anapoteza kidogo, na hakuna atakayeacha kibarua chake kwenda kulalamika. Ndiyo maana, wanasema, mipango huzaliwa kila mwaka na haifi.

Watu wa Kanama wanaweza kuipima hoja hii kwa kuinua macho kuelekea milima ya Gishwati. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikadiriwa kuwa na hekta 28,000 hivi. Katika miaka ya 1980 ukaja mpango mkubwa wa serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliojulikana kwa herufi zake GBK. Sehemu kubwa ya msitu iligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Baada ya mwaka 1994 wakimbizi waliorudi nchini walipewa makazi humo kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wa asili uliobaki ulikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Udongo wa milima ile ukabaki wazi, na maji ya mvua yaliyokuwa yakinyonywa na mizizi yakaanza kushuka kwa kasi mabondeni, mpaka mto Sebeya, mpaka milangoni mwa watu.

Wenye fikra za soko huria wangesema: tazameni, pesa ya mkopo, wapangaji wa mbali, na hasara ikabaki kwa mwenye nyumba ya bondeni. Nasi hatuwezi kuwakatalia. Fundi wa mradi alikwenda zake. Deni likabaki kwa nchi na mafuriko yakabaki kwa Kanama.

Aidha yapo matumizi ambayo kila mfanyakazi anayajua, nayo ni anasa za ofisi. Mwaka 2005 serikali ya Rwanda iliwanyang'anya maofisa wengi magari ya serikali, ikayapiga mnada, na kuweka utaratibu wa kuwasaidia wanunue ya kwao. Mwaka uliofuata mikoa ilipunguzwa ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali, wilaya zikawa 30 na tarafa 416. Nchini Tanzania, mwaka 2015, Rais Magufuli alifuta sherehe za sikukuu ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba, akaagiza wananchi wafanye usafi, na pesa ya sherehe ielekezwe kupanua barabara jijini Dar es Salaam. Hapakuwa na mfanyakazi aliyelala njaa kwa kukosa gwaride. Mkanda ukifungwa kuanzia juu, watu wa chini huelewa.

HOJA YA TATU: OFISI HAIWEZI KUJUA YOTE

Hoja ya tatu ni ya Friedrich Hayek, mzaliwa wa Austria, aliyeiandika mwaka 1945. Alisema kwamba maarifa ya uchumi hayakai mahali pamoja. Mama anayeuza viazi Mahoko anajua leo asubuhi kama barabara ya Musanze ina lori nyingi au chache, kama wanunuzi wa Goma wamekuja, kama mvua imeharibu mashamba. Hakuna ofisi itakayoyajua hayo yote kwa wakati. Bei ndiyo inayoyakusanya na kuyatangaza. Serikali ikipanga bei kwa amri, imekata simu ambayo watu walikuwa wakizungumzia.

Hoja hii ilipata nguvu barani Afrika kwa sababu ya mabodi ya mazao. Peter Bauer, katika miaka ya 1950, aliyachunguza yale ya Afrika Magharibi na kueleza kwamba yaliundwa kwa ahadi ya kumkinga mkulima na bei mbaya, lakini yakawa njia ya kumtoza kodi kubwa. Mwaka 1981 Robert Bates aliandika hivyo hivyo kuhusu nchi nyingi za bara hili: mkulima alilipwa kidogo ili mjini kuwe na utulivu na serikalini kuwe na pesa.

Rwanda nayo ilikuwa na bei ya kahawa iliyopangwa na serikali. Kwa miaka mingi mkulima alilipwa faranga 125 kwa kilo, bei ya dunia ipande au ishuke, na palikuwa na mfuko wa kusawazisha bei: miaka mizuri uweke akiba, miaka mibaya utoe. Mpango huo ulisomeka vizuri katika karatasi. Lakini mwezi Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kugawana masoko ya kahawa ulivunjika, bei ya dunia ikaporomoka karibu nusu, na mfuko ukawa hauna nguvu ya kubeba mzigo. Mwaka 1990 bei ya mkulima ikashushwa hadi faranga 100. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkulima hakuwahi kuonyeshwa daftari.

ILIVYOKUWA MKASI ULIPOLETWA

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tumehamia upande wa pili. Sivyo. Tumekubali kwamba ugonjwa upo. Sasa tutazame dawa ilivyonyweshwa.

Mwaka 1990 Rwanda ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia juu ya mpango wa kurekebisha uchumi. Masharti yalikuwa yale yale yaliyokwisha zoeleka kwa majirani: kushusha thamani ya fedha, kupunguza ruzuku, kupunguza matumizi ya serikali, kuongeza malipo ya wananchi kwa huduma. Mwezi Novemba 1990 thamani ya faranga ilishushwa kwa asilimia 40. Mwezi Juni 1992 ikashushwa tena kwa asilimia 15. Mafuta, dawa na bidhaa zote za kutoka nje zikapanda bei, lakini mshahara wa kibarua haukupanda nazo.

Lakini tarehe 1 Oktoba 1990 vita vilikuwa vimeanza. Jeshi lililokuwa na watu kama 5,000 likakua mpaka kupita 30,000 katika muda wa miaka michache. Yaani mpango uliosainiwa kwa ajili ya kupunguza matumizi ya serikali ulitembea sambamba na matumizi makubwa kuliko yote, na mikopo haikusimama. Mkasi ulipofika kwenye zahanati na kwenye kahawa ulikuwa mkali. Ulipofika kwenye bunduki ukawa butu.

Hatusemi kwamba masharti ya fedha ndiyo yaliyoleta mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mauaji yale yalipangwa na watu, na watu hao wanabeba dhambi yao wenyewe. Tunachosema ni kwamba neno "matumizi ya serikali" linafunika vitu viwili visivyofanana, chanjo ya mtoto na risasi, na anayeagiza kupunguza jumla bila kutazama kilichomo ndani humwachia mwenye nguvu achague kipi kibaki.

Tuchukue mfano mwingine, Kenya. Tarehe 1 Desemba 1989 hospitali za serikali zilianza kutoza ada, ikaitwa uchangiaji gharama. Hoja ilikuwa kwamba kitu cha bure hutumiwa ovyo, na ada kidogo itamfanya mgonjwa athamini huduma. Wataalamu waliifuatilia kliniki moja kubwa ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi. Katika miezi ya ada, wanaume waliohudhuria walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya kwanza, na wanawake hadi asilimia 65. Ugonjwa haukupungua, wagonjwa ndio waliopungua. Walirudi nyumbani na maradhi yao, wakati ambapo UKIMWI ulikuwa unaenea. Serikali ikaisimamisha ada hiyo mwaka 1990 kabla ya kuirudisha pole pole baadaye. Katika daftari la hazina ilionekana akiba. Gharama yake haikufutika: ilihamia majumbani, ambako hakuna mhasibu.

Hapa ndipo hoja ya jembe inapokatikia. Mnunuzi wa jembe akighairi, hasara ni yake. Mgonjwa wa kifua kikuu au wa zinaa akighairi dawa, hasara ni ya jirani yake pia. Kwa sababu hiyo Rwanda, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 1999, ilijenga bima ya afya ya jamii, ile mutuelle: watu wanachangia kabla hawajaugua, na walio maskini kabisa wanalipiwa. Si huduma ya bure wala si soko tupu. Inataka hesabu safi, na inataka serikali iweke fungu lake.

MTO SEBEYA HAUSOMI VITABU

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa nchi. Sebeya ikafurika. Katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 130, na wilaya yetu ya Rubavu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Nyumba zilisombwa, mashamba yakafunikwa na tope.

Sasa tuliulize soko: nani atajenga kingo za Sebeya? Mfanyabiashara wa Mahoko hawezi, kwa kuwa ukingo mmoja mbele ya duka lake utayasukuma maji kwa jirani. Hata akijenga ukingo mzima, hawezi kumtoza kila aliyeokoka. Mwenye shamba la mlimani ndiye anayeweza kuzuia maji kwa kupanda miti na kuchimba matuta, lakini faida ya kazi yake itamfikia mtu wa bondeni asiyemjua. Kila mmoja akitumia akili yake ya kibiashara, kingo hazitajengwa, na wote watasombwa pamoja.

Jambo hili halikugunduliwa na vyama vya wafanyakazi. Adam Smith, anayeitwa baba wa soko huria, aliandika mwaka 1776 kwamba ni wajibu wa serikali kujenga na kutunza kazi zile za umma ambazo haziwezi kumlipa mtu mmoja ingawa zinaifaidia jamii nzima. Hayek mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1944, alikubali kwamba jamii iliyoendelea inaweza kumhakikishia kila mtu kiasi cha chini cha chakula, mavazi na makazi. Friedman mwaka 1962 alipendekeza serikali iwaongezee pesa watu wenye kipato kidogo mno kupitia utaratibu wa kodi. Wanachama wakumbuke mambo haya. Wengi wanaowataja mabwana hao mikutanoni wamewasoma nusu nusu.

Kuna jambo jingine kuhusu kingo, madaraja na barabara. Serikali ikibanwa ipunguze matumizi, kitu cha kwanza kukatwa ni ukarabati. Mshahara ukikatwa watu wataandamana, lakini mtaro ukiachwa bila kuzibuliwa haupigi kelele. Kwa mwaka mmoja au miwili makisio yanapendeza. Benki ya Dunia yenyewe iliandika mwaka 1994 kwamba dola bilioni 12 za ukarabati wa wakati unaofaa zingeziokolea nchi za Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoharibika katika mwongo uliotangulia. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo si kila kupunguza ni kubana matumizi. Kupunguza kwingine ni kukopa kwa siri, na anayedai ni mto.

VIPI KUHUSU VIWANDA?

Wenye hoja za soko wanasema pia kwamba serikali isifanye biashara. Hapa nasi tuseme bila kuzunguka: hatuoni sababu ya serikali kupika bia. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichoko hapa Gisenyi tangu mwaka 1957 kilikuwa na hisa za serikali asilimia 30. Mwanzoni mwa mwaka 2011 hisa hizo zilikwisha uzwa, nyingi zikiwa zimeuzwa kwa umma katika soko la hisa la Kigali, mchana kweupe, kwa bei iliyotangazwa. Bia haikupungua.

Chai ni habari nyingine kidogo. Kiwanda cha Pfunda, ambacho majirani zetu wengi wanakiuzia majani au wanachuma katika mashamba yake, kilikuwa mali ya serikali mpaka kilipouzwa kwa kampuni binafsi mwaka 2004. Serikali ilipunguza mzigo, na kiwanda kikapata mtaji. Lakini jani la chai likishachumwa haliwezi kusubiri. Lisipofika kiwandani siku ile ile limeharibika. Mkulima mwenye kiwanda kimoja tu jirani hana soko huria: ana mnunuzi mmoja. Zamani mnunuzi huyo alikuwa serikali, sasa ni kampuni. Kwa hiyo kuuza kiwanda hakukutosha; palihitajika pia utaratibu wa bei ya majani mabichi unaofuata bei ya mnada wa Mombasa, na vyama vya ushirika vyenye nguvu ya kuuliza. Serikali inaweza kuacha kumiliki. Ikiacha na kusimamia, imemkabidhi mnyonge kwa mwenye mizani.

MIZANI YA MFANYAKAZI

Kwa kifupi, ndugu msomaji, hoja za soko huria ni kisu. Kisu hakina kosa. Tazama aliyekishika na anachokata. Tunapendekeza wanachama wapime kila pendekezo la kupunguza matumizi kwa maswali manne.

Kwanza: mkanda unaanzia kiuno cha nani? Kama safari, magari, semina na zabuni za wakubwa hazijaguswa, na kinachokatwa ni dawa na madaftari, basi hiyo si nidhamu.

Pili: gharama imekwisha, au imehama? Ada ya kliniki iliihamisha kutoka hazina kwenda nyumbani. Mtaro usiozibuliwa unaihamisha kutoka mwaka huu kwenda mwaka wa mafuriko.

Tatu: soko lipo kweli? Penye wauzaji wengi na wanunuzi wengi, kama viazi vya Mahoko, serikali ikae mbali. Penye mnunuzi mmoja, au penye mto mmoja, neno soko ni jina tu.

Nne: daftari liko wazi? Haya yanawahusu wapunguzaji na watumiaji sawasawa. Mpango wa GBK ulitumia bila kuwauliza watu wa bondeni. Mpango wa mwaka 1990 ulipunguza bila kuwauliza watu wa zahanati. Makosa mawili hayo ni ndugu wa baba mmoja: katika yote mawili mlipaji hakuwa na kiti mezani.

Na hapo ndipo kazi ya chama ilipo. Tukiwa watu wa kusema "ongeza, ongeza" kila mwaka, hatutasikilizwa, na yaliyotokea Zaire yatatushtaki. Tukiwa watu wa kukubali kila mkasi unaoletwa, wanachama wetu wataumia na sisi tutakuwa tumesaini. Chama kinachosoma makisio ya wilaya mstari kwa mstari, kikasema hiki kifutwe, hiki kibaki, na hiki kiongezwe kwa sababu hizi, ndicho kitakachoitwa mezani mara ya pili.

KWA MAJADILIANO YA TAWI

1. Katika matumizi ya umma mnayoyaona kila siku mahali penu pa kazi, ni lipi lingeweza kufutwa kesho bila mwananchi yeyote kuumia?

2. Ni ukarabati gani ulioahirishwa katika tarafa yenu, na utagharimu nini ukiendelea kuahirishwa?

3. Je, tawi lenu limewahi kuomba na kusoma makisio ya wilaya? Kama bado, ni nani atakayekwenda kuyaomba kabla ya mkutano ujao?